Maneno Madogo kwenye Majani ya Mgomba

Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa "lakini". Si neno gumu. Mtoto wa miaka mitatu hulitumia akikataa uji, na wakubwa hulitumia wakikataa kila kitu. Ila likiandikwa ubaoni, watoto wa darasa la pili walilikata vipande, la, ki, ni, kisha wakavitazama vipande hivyo kama watu waliofungua mzigo na kukuta si wao.

Nilikuwa nimerudi Moshi na riwaya iliyokwama katikati. Nilienda kujitolea katika shule ya msingi iliyo juu ya Kiboriloni, pale lami inapoisha na migomba inapoanza kuibana njia pande zote mbili. Nilidhani nitakuwa nawasomea watoto hadithi mara mbili kwa wiki. Mwalimu wa darasa, mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alinipa chaki siku ya kwanza na kuniambia hadithi zitasubiri. Watoto wake walisoma kila silabi bila kosa, alisema, na hawakuelewa walichosoma.

Nilimwelewa siku hiyo hiyo. Walivuka sentensi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja, macho yakiwa miguuni. Wakifika ng'ambo hawakumbuki walikotoka. Na mawe mengi waliyoyakanyaga kwa hofu yalikuwa yale yale: na, kwa, kama, kila, bado, tena, hata, yule, baada, lakini. Maneno madogo yaliyo katika kila mstari wa kila kitabu. Niliwaza kwamba mtoto akiyajua haya kwa kuyatazama tu, jinsi anavyoujua uso wa mama yake bila kuanza na pua kisha mdomo, atabaki na nguvu ya maneno makubwa. Nikaazimia kuyafundisha kwa michezo, maana kwa kuimba ubaoni walikuwa wamekwisha kuimba vya kutosha.

Kati ya watoto sabini na kitu, mmoja alikuwa na sababu ya kuharakisha kuliko wengine. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mrefu kuliko dawati lake, aliyevaa sweta lililofumuka viwiko na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Darasa la pili alikuwa ameshalirudia mara moja. Mwezi wa kumi na moja kungekuwa na upimaji: mwalimu kutoka shule nyingine angekuja, angempa kila mtoto kifungu cha habari, na asiyeweza kukisoma angerudia. Mdogo wake wa kike alikuwa darasa la kwanza, chumba cha pili, na alikuwa anasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya simenti. Mmoja akirudia na mwingine akipanda, Januari wangekutana dawati moja.

Hakuna aliyenisimulia hayo kwa siri. Alinieleza mwenyewe siku moja akifuta ubao, kwa sauti ya mtu anayesema kesho mvua itanyesha.

"Mdogo wangu akija huku, Madam, mimi siji tena. Nitabaki kwa Bibi nikate majani ya ng'ombe."

Nikamwambia hatafika huko. Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao, na tangu siku hiyo nilikuwa naufukuzia uhakika huo kila asubuhi nilipopanda mlima.

Mchezo wa kwanza ulikuwa soko. Kila mtoto pale alikuwa ameshakwenda Kiboriloni na mama au shangazi, akajua jinsi watu wanavyoita wateja na jinsi wanavyowafukuza. Niliomba maboksi matupu ya sabuni na mafuta ya kupikia kwa wenye maduka, nikayakata kadi thelathini, nikaandika juu yake maneno yetu kwa kalamu ya wino mzito. Tulitandika khanga sakafuni, tukapanga bidhaa. Mteja anachagua kadi, anaitazama, anataja neno zima, anaondoka nalo. Akianza kukata silabi, bidhaa inabaki.

Msichana wangu aliomba kuwa muuzaji, na tangu siku ya tatu hakuna aliyeweza kumtoa kwenye khanga ile. Alikuwa na ulimi wa soko. Mvulana mmoja aliposhika "baada" na kuanza kuitafuna kidogo kidogo, alimwambia, "Kaka, hilo linauzwa zima. Vipande nenda bucha." Mwingine aliyekaa mno mbele ya bidhaa aliulizwa kama analijua neno au analitamani tu. Darasa lilicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Na alizijua kadi zake zote. Ulikuwa ukitaja "kila", mkono wake ulikuwa umeshafika. Alizikusanya mwisho wa kipindi na kuzipanga tena asubuhi. Mwalimu wa darasa alikuja akasimama mlangoni, mikono kifuani. Aliomba "hata", akapewa. Aliomba "tena", akapewa. Aliomba "lakini", na msichana akaichomoa chini ya nyingine tano bila kutazama mara mbili. Mwalimu aliniuliza kwa sauti ya chini mtoto huyu alikuwa wapi nusu mwaka mzima. Siku ile nilishuka kwa miguu mpaka Kiboriloni. Furaha niliyokuwa nayo haikutaka kukaa juu ya bodaboda.

Mwishoni mwa Septemba nilimwita mezani, nikafungua kitabu cha kusoma. Ukurasa ulikuwa rahisi, mistari sita, na nusu ya maneno yalikuwa yale tuliyouziana kwa miezi miwili. Alikitazama. Akaanza, la, ki, akaishia hapo, akanitazama mimi.

Nilidhani ni woga. Nikachukua kadi ya "lakini" ili nimkumbushe, na kwa haraka niliigeuza vibaya: maandishi yalinielekea mimi, yeye akaona mgongo wa boksi tu.

"Lakini," alisema.

Nikachukua nyingine, sasa makusudi, nikamwonyesha mgongo wake. "Bado," alisema. Nyingine. "Kama." Alizitaja saba mfululizo bila kuona herufi hata moja, na uso wake ulikuwa unang'aa, kwa sababu alidhani tumeanza tena kushinda.

Nilimuuliza amejuaje. Alishangaa kwamba swali kama hilo linaulizwa na mtu mzima. Akanionyesha: hii ina doa la mafuta, limepenya mpaka upande wa pili. Hii imeliwa pembe. Hii ina nusu ya kiganja cha yule mama aliyechorwa kwenye boksi la sabuni. Alizigeuzageuza mkononi kwa upole.

"Ni kama ng'ombe wa Bibi, Madam. Ukimjua ng'ombe, humjui kwa upande mmoja."

Mwanzoni mwa mchezo nilikuwa nimewaambia watazame kadi, na yeye alikuwa ametazama kuliko wote. Alikuwa amezisoma kadi zangu barabara. Maneno ndiyo alikuwa hajayatazama, kwa sababu hakuna siku niliyompa sababu ya kuyahitaji. Asubuhi iliyofuata niliwapima wengine kwa kadi mpya nilizoandika nyumbani, na wengi wao, ingawa si kwa ukamilifu wake, walikuwa wameangukia shimo hilo hilo. Walijua vipande thelathini vya maboksi. Maneno waliyoyajua yalihesabika kwa vidole vya mikono miwili.

Mwalimu wa darasa hakunikasirikia. Alikuwa anasahihisha madaftari, na hakuinua kichwa. "Silabi zinachosha, binti yangu," alisema, "ila hazijawahi kunidanganya." Kisha akahesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa ncha ya kalamu. Zilibaki wiki tano. Nikitaka niendelee, lakini ikifika wiki ya tatu bila mabadiliko, angekichukua kipindi changu na kukirudisha ubaoni. Nilimshukuru. Nisingeweza kudai zaidi.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi wa msichana kumweleza ukweli, maana nilikuwa nimeshamtumia salamu za ushindi. Nyumba yake ilikuwa ndani ya kihamba, shamba la ukoo lenye kahawa chini na migomba juu, kiasi kwamba ukisimama mlangoni mwanga ni wa kijani hata saa sita mchana. Nilimkuta akikatakata shina la mgomba kwa panga mbele ya banda. Ng'ombe watatu walikuwa wamenyoosha shingo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha panga, nikaanza kujieleza. Nilitarajia ahuzunike. Alicheka mpaka akaweka panga chini.

"Mtoto wa zizini unampa vitu vyenye madoa, halafu unategemea atazame maandishi?" Alijifuta macho kwa pembe ya khanga. "Mpe ng'ombe wasio na doa, ndipo utajua kama anawajua."

Akainuka, akachana jani bichi la mgomba vipande vipande na kuwatupia. Vipande vilianguka mbele yangu, vya kijani, laini, vyote sawa. Nilikiokota kimoja. Sketi yangu ilikuwa imenasa mwiba njiani, nikauchomoa na kuandika kwa ncha yake. Mwanzoni hakikuonekana kitu, kijani juu ya kijani. Tukaendelea kuzungumza habari za mvua iliyochelewa, na nilipotazama tena, utomvu ulikuwa umeshika hewa na neno limejitokeza, rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Bibi aliuliza nimeandika nini. Nikamwambia, "lakini". Akasema kesho litakuwa limenyauka, na nikamjibu kwamba hilo ndilo ninalolitaka.

Jumatatu kila mtoto alikuja na kipande cha jani, urefu wa shubiri moja. Kila mmoja aliandika neno moja kwa mwiba au kijiti kilichochongwa, kisha vyote vikachanganywa kwenye beseni. Jioni msichana aliyabeba majani hayo kwenda kwa ng'ombe wa bibi yake, na kesho yake tukaanza upya. Hakuna aliyeweza kufanya urafiki na jani. Halafu kulikuwa na faida ambayo sikuipanga: maneno sasa yalitoka katika mikono sabini. Kuna aliyeandika k kama kiti kilichovunjika mguu, kuna aliyeandika herufi kubwa mno mpaka neno likakosa nafasi. Jani lilibadilika, mwandiko ulibadilika. Kilichobaki sawa ni neno lenyewe.

Soko tukalifunga, tukacheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa matambara na mmoja anakwepa katikati. Tuliongeza sharti moja: kabla ya kurusha, mrushaji anainua jani juu. Wa katikati akilitaja neno zima, mpira unawekwa chini na mrushaji anatoka. Akikosea au akianza kukata vipande, mpira unakuja.

Siku ya kwanza mpira ulimjia msichana wangu kila mara. Ulimpiga begani, mgongoni, kwenye goti. Aliitazama migongo ya majani, akatafuta doa, pembe, chochote, na hakikuwepo. Mtoto mmoja aliyekuwa mteja wake wa zamani alisema bila hata chuki, "Mwenye duka kafilisika." Wengine wakalichukua wakaliimba. Alitoka uwanjani na kukaa kwenye ngazi, na Jumanne alikataa kucheza. Alikusanya majani tu mwisho wa kipindi, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akaenda nayo.

Kadi za maboksi zilikuwa bado kwenye mfuko wangu. Ninakiri kwamba Jumanne ile nilizitamani. Ningezitandika saa moja tu na angekuwa malkia tena, na mimi ningeuona uso ule. Jumatano wakati wa mapumziko nilizichukua zote nikaenda nazo jikoni kwa mpishi wa uji, aliyekuwa anahangaika na kuni mbichi. Nilikuwa nazilisha motoni moja moja nilipogundua msichana amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Hata ile ya lakini?"

"Hata ile."

Aliutazama moto. Doa la mafuta lilishika kwa nguvu kuliko boksi lenyewe, likafanya mwali mrefu wa njano. Alinywa uji wake wote kabla ya kusema tena.

"Basi niandikie kwenye jani."

"Andika mwenyewe."

Alitoka akakata jani nyuma ya vyoo, akaketi na mwiba. Sikumsaidia. Kengele ililia, wenzake wakaingia, mwalimu wa darasa alichungulia dirishani, akaniona, akarudi ndani bila kumwita. Msichana aliandika "lakini" mara nyingi mpaka jani likakosa nafasi, la kwanza limeinama kama mlevi, la mwisho limesimama. Alisubiri yakolee rangi. Kisha akafunika kwa kiganja, akafunua, akalitaja. Akafunika, akafunua, akalitaja. Mchezo huo hakuna aliyemfundisha.

Wiki hiyo alipata maneno matatu. Mtu asiyewahi kufundisha atasema ni machache. Yalikuwa matatu ya kweli, yaliyosimama popote: ubaoni, mchangani, kwenye tangazo la kanisa lililobandikwa getini. Wiki iliyofuata aliongeza manne, akapoteza moja, akalirudisha. "Hapa" na "hapo" zilimtesa kwa siku tano, na kila zilipomtesa alirudi kwenye jani na mwiba. Mvua za vuli zikaanza. Uwanja ukawa tope jekundu, tukacheza ndani tukiwa tumesukuma madawati ukutani, na darasa zima lilinuka utomvu na masweta mabichi. Mpira ulikuwa bado unampata. Ila sasa ulikuwa unampata akiwa amefungua mdomo.

Ndipo mdogo wake alipotumwa kwangu na ujumbe kutoka kwa bibi. Bibi alikuwa analalamika kwamba ng'ombe wake wanachelewa kula. Kumbe kila jioni msichana alikuwa anashika majani yetu mbele ya banda, anasoma moja, analitupa ndani. Asiloweza kulisoma halitoki mkononi. Ng'ombe walikuwa wanalia, bibi analia nao, naye amesimama palepale na jani moja, anapambana. Nilituma jibu kwamba naomba radhi na naomba wavumilie. Bibi alinirudishia mkungu mdogo wa ndizi na neno moja la Kichagga la shukrani, aika, nikajua nimesamehewa.

Wiki ya tatu ilipita na mwalimu wa darasa hakukichukua kipindi. Badala yake alianza kukaa nyuma ya darasa na madaftari yake. Siku moja mtoto alikwama kwenye neno refu, akiwa ametazama tu akingoja limjie kama maneno madogo yalivyomjia. Mwalimu alisema kutoka nyuma, "Hilo sasa likate." Nikaelewa kwamba tulikuwa tukifundisha kitu kimoja kutoka ncha mbili.

Siku ya upimaji kulikuwa na ukungu mzito, hata mti wa bendera haukuonekana juu. Mpimaji alikuwa mwanaume mpole mwenye miwani, kutoka shule ya huko chini, na aliwaita mmoja mmoja ofisini. Sisi hatukuruhusiwa kuingia. Mwalimu wa darasa na mimi tulisimama nje ya dirisha, tukajifanya tunaangalia mfereji.

Msichana alipoitwa, alivuta sweta lake likafunika viuno, akaingia. Tulisikia kiti. Karatasi ililazwa mezani, karibu na dirisha kiasi kwamba sisi pia tuliweza kuisoma. Nikakumbuka jinsi alivyokwama kwenye kitabu mwezi wa tisa.

Akaanza. Ilikuwa habari ya kuku wa jirani aliyetaga yai kwenye kapu la mama mwingine. Alisoma polepole, kwa sauti ya chini, lakini miguu yake haikuwa tena juu ya mawe. "Kila" ikapita. "Yule" ikapita. Mstari wa tatu ulikuwa na "lakini", nikashika ukingo wa dirisha, na yeye akaipita kama mtu anayempita jirani njiani, bila kupunguza mwendo. Kisha alifika kwenye "wakabishana" na akasimama. Pembeni yangu mwalimu wa darasa alikuwa anatembeza midomo bila sauti, wa, ka, bi. Ndani, mtoto akalikata vilevile, akalifunga, akalisema zima, akarudi mwanzo wa sentensi na kuisoma yote tena kwa hiari yake ili aisikie.

Mpimaji alimuuliza kapu lilikuwa la nani. Alijibu. Alimuuliza kwa nini wale mama walibishana. Alijibu hilo pia, akaongeza kwamba mwenye kuku alikuwa na makosa, angemfungia kuku wake.

Mwalimu wa darasa aliachia pumzi. "Harudii huyo," alisema. Naye alikuwa na miwani; aliifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaivaa, akaitoa akaifuta tena.

Ndani, mpimaji alisema, "Vizuri. Inatosha. Mwite mwenzako."

Kiti hakikusogea.

"Bado, Mwalimu," alisema. "Sijajua yai limekwenda kwa nani."

Tulisikia kalamu ikiwekwa mezani. Foleni mlangoni ilikuwa ndefu, na watoto walikuwa wanasukumana kwa baridi. Msichana alitafuta mstari kwa kidole, akaupata, akaendelea kusoma.